Mvua Iliyofichwa Kwenye Kopo la Vibanio

Mwalimu Gundi hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na watoto wa chekechea miaka mingi nyuma, siku alipomshika mmoja wao mkono uliojaa gundi ili wakanawe, na mkono ukagoma kuachia mpaka wakatumia maji ya uvuguvugu. Tangu hapo wazazi wakalidaka, karani wa shule akalidaka, na hata mumewe, ambaye ni fundi viatu na anazijua gundi kuliko mtu yeyote mtaani, akakubali kwamba jina limempata mwenyewe. "Kazi yetu ni moja," husema akiwa amebana misumari midogo mdomoni. "Mimi nabandika soli, mke wangu anabandika majani ya karatasi. Ila soli zangu nikizikosea hazilii."

Kwenye ualimu aliingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa akishona vifungo vya sare kwa fundi mmoja wa nguo. Jirani yake aliyekuwa mwalimu wa chekechea akaenda kujifungua, akamwomba amshikie watoto kwa wiki tatu tu. Siku ya kwanza alirudi nyumbani kichwa kinamgonga, akaapa kwamba harudi tena hata abebwe. Siku ya pili, maana alirudi, mtoto mmoja alimpa jiwe la mviringo na kumwambia kwa siri kuwa ni yai, alitunze. Hapo ndipo alipokwisha. Wiki tatu zile zimefika miaka ishirini na miwili, kozi ya ualimu aliisoma likizo baada ya likizo, na jiwe bado liko mezani kwake likizuia karatasi zisipeperuke. Halijaanguliwa.

Ukitaka kumjua ni mtu wa namna gani, ingia darasani kwake. Ni chumba cha mwisho kwenye safu, chini ya paa la bati, chenye baraza pana mbele na dirisha kubwa upande wa uzio. Ukutani kuna mti. Shina lake ni mifuko ya saruji iliyochanwa na kukunjwakunjwa, matawi yake yanafika darini, na majani yake hubadilika kwa msimu. Juu ya vichwa zimepita kamba tano kutoka ukuta hadi ukuta, za kuanikia michoro yenye rangi mbichi. Mtu mrefu akiingia bila kuinama hutoka na samaki wa bluu kwenye paji la uso.

Darasa hili halina habari na kalenda, linafuata mti. Upepo ukianza kuvuma ni Siku ya Upepo: watoto wanakata feni za karatasi, wanazipigilia pini kwenye vijiti, wanakimbia nazo uwanjani mpaka nusu yao wanaanguka. Baridi ikiingia, kila mtoto anapuliza pumzi kwenye kioo cha dirisha na kuchora uso wake kabla haujafutika. Wapo wanaolia kwamba uso wao umekufa, na kazi ya mwalimu ni kuwaambia wapulize tena. Wakati wa mavuno kila mmoja analeta kitu kimoja kilichotoka ardhini, hata kiwe kitunguu, wanavipanga kwa rangi, kwa ukubwa, kwa harufu. Mwaka mmoja mtoto alileta buti la babu yake, akasisitiza kwamba nalo lilichimbwa shambani. Likapangwa pamoja na viazi.

Lakini kubwa kuliko zote ni Siku ya Mvua, na hiyo haina tarehe. Tone la kwanza la msimu likigonga bati, kila kitu kinaachwa hapohapo, hata kama mtoto yuko katikati ya herufi. Wanapanga makopo chini ya ukingo wa paa wasikie kila kopo linaimba vipi. Kila mtoto anatoa mkono mmoja na kukamata tone moja, na tone hilo ni lake mwaka mzima. Kisha maziwa ya moto, kisha kila mmoja anabandika jani la kijani mtini. Mwalimu Gundi hajamwambia mtu, lakini mwaka wake wote huusukuma akiingojea siku hiyo. Alipokuwa mdogo hakuna aliyewahi kumwacha akae tu, asitumwe popote, aisikilize mvua.

Kuna pia jambo la kadi. Kila asubuhi mtoto mmoja, ambaye wiki hiyo anaitwa Bwana Hewa au Bibi Hewa, anatoka barazani, anatazama juu kwa muda anaouona unafaa, kisha anarudi. Wenzake wanamuuliza kwa pamoja, "Habari za juu?" Naye anachagua kadi kutoka mfuko wa kitambaa na kuitundika kwenye msumari: Jua, Mawingu, Upepo, au Mvua. Ulikuwa mchezo tu. Kosa alilifanya Mwalimu Gundi mwenyewe, mwaka wake wa tatu, kiangazi kilipojivuta na watoto wakachoka kusubiri. Aliwaambia kadi ya Mvua imelala, Bibi Hewa aipulizie mara tatu kila asubuhi mpaka iamke. Siku ya nne mvua ikamwagika. Watoto walimtazama Bibi Hewa yule kwa midomo wazi, na mwalimu, badala ya kusema kweli, akapiga makofi pamoja nao. Tangu hapo hakuna mtoto wa darasa lile asiyejua kwamba mvua inakaa ndani ya kadi.

Mwaka huu shule ilipata Mkuu mpya. Si mtu mbaya, tuseme ukweli. Ni mrefu, viatu vyake vinang'aa, alifundisha hisabati kwa wanafunzi wakubwa miaka mingi, na akiona karatasi isiyo na mistari mikono inamwasha. Wiki yake ya pili aliingia chekechea bila kuinama.

"Mwalimu, hizi sherehe zako nzuri," alisema akijifuta rangi ya bluu kwa leso. "Ila Siku ya Mvua siioni kwenye ratiba. Ni lini?"

"Ikinyesha, Mkuu."

"Ikinyesha lini?"

"Hapo sasa umuulize mwenye mvua."

Mkuu hakucheka. Alieleza kwamba wajumbe wa bodi ya shule watatembelea madarasa Ijumaa ya wiki ya tatu ya muhula, saa nne, na wangependa kuona watoto wadogo wakifanya jambo. Basi Siku ya Mvua itakuwa Ijumaa hiyo. Na kama ni sherehe isiyopangika, kwa maoni yake, muda huo bora utumike kuandika herufi, na ule ukuta wa mifuko ya saruji upakwe rangi muhula ujao na kubandikwa alfabeti.

"Mkuu, mvua haivai saa."

"Sisi tunavaa," Mkuu akajibu.

Jioni hiyo Mwalimu Gundi alisimulia yote kibandani kwa mumewe, akiwa amekaa kwenye kigoda cha wateja. Mumewe alisikiliza huku akigonga kisigino cha kiatu cha mtu. "Sasa unaogopa nini? Ijumaa inaweza kunyesha."

"Na isiponyesha?"

"Utabandika kitu, nakujua," akasema. Mkewe hakucheka, na hapo fundi akaelewa kwamba jambo ni zito, akaweka nyundo chini. Chini ya majani mapya, mti ule bado ulikuwa na majani ya watoto ambao sasa wana watoto. Ukiondoka, Mwalimu Gundi hakuwa na hakika kama yeye mwenyewe angekuwa na sababu ya kubaki.

Wiki ya wageni, zamu ya Bibi Hewa ilimwangukia binti wa dobi. Ana miaka mitano, na wenzake wanamwita Waziri kwa sababu hacheki ovyo na akitembea anaweka mikono nyuma. Nyumba yao iko ng'ambo tu ya uzio. Ukikaa dirishani unaziona kamba za mama yake, na darasa zima limejifunzia kuhesabu kwa mashuka yake: leo kumi na moja, jana tisa, juzi yamechanganyika na taulo, hesabu ikavurugika.

Jumatatu Waziri alitoka barazani, akatazama juu kwa muda wake, akarudi. "Habari za juu?" "Jua." Akatundika Jua. Kisha ukafika wakati wa kuipulizia Mvua iamke, akaingiza mkono kwenye mfuko wa kitambaa, akautoa mtupu.

Patashika iliyofuata mngeisikia huko mliko. Watoto ishirini na sita waliinua mikeka, wakamwaga vibao vya kujengea, wakavuana viatu. Kadi ya Mvua haikuonekana. Mmoja alianza kulia kwamba hakutakuwa na mvua tena duniani, na kilio cha chekechea kina tabia ya kusambaa. Mwalimu Gundi akachukua kadi nyeupe haraka, akachora wingu, akachora matone, akainua juu.

Mtoto mmoja aliyepoteza meno yote ya mbele kwa mpigo, wanayemwita Kibogoyo, akaitazama kwa huruma. "Mwalimu, hiyo siyo mvua," akasema. "Hiyo ni picha."

Waziri alikaa mikono mapajani, macho ameyakaza mkekani. Mwalimu alidhani mtoto anaumia kwa kupotelewa na kadi katika wiki yake. Akampapasa kichwa na kumwambia asijali.

Ijumaa ilikucha na jua la kuchoma utosi. Wajumbe wa bodi walikalishwa kwenye viti vya watoto, magoti yamewafika videvuni. Makopo yalipangwa, maziwa yalichemshwa, majani ya kijani yalikatwa. Mkuu alikuwa amejiandaa: saa nne kamili aliinua kalamu yake juu, na kwa ishara hiyo mlinzi wa shule, aliyekuwa amepandishwa ngazi kwenye pembe ya baraza na kopo la kumwagilia maua, akaanza kumwagia bati.

Ilisikika sauti ya mvua kiasi. Matone machache yakachuruzika barazani. Watoto wakatoa mikono kwa adabu, kama walivyofundishwa.

"Hii siyo mvua," Kibogoyo akawatangazia wageni. "Huyo ni mlinzi. Naziona gambuti zake."

Mjumbe mmoja, mama mtu mzima, alicheka mpaka kiti kikalia. Wengine wakacheka naye. Mkuu uso ulimshuka. Maji ya kopo yakaisha, mlinzi akauliza kutoka juu kama aongeze, na hapo hata wasiotaka kucheka wakacheka. Watoto peke yao hawakucheka. Walirudisha mikono yao, wakajifuta kwenye sare, na hakuna hata mmoja aliyeomba jani.

"Umeona mwenyewe, Mwalimu," Mkuu alisema wageni walipoondoka. Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Muhula ujao, herufi." Mwalimu Gundi alimwaga maji ya makopo kwenye maua, akafagia, akakaa kwenye kiti kidogo chini ya mti wake, akalia. Si sana, kiasi cha leso moja.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele, mlango uligongwa. Alikuwa dobi, mikono imekunjamana kwa sabuni, kwapani amebana kopo la vibanio vya nguo. Nyuma yake alisimama Waziri, mikono nyuma, kichwa chini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kwema?"

"Si kwema sana. Nimekuja kuomba radhi." Akafunua kopo, akachimba kwa vidole chini ya vibanio, akatoa kadi ya Mvua. Ilikuwa imefungwa kwenye mfuko wa plastiki mara mbili, na juu yake kimebanwa kibanio. "Nimeiona leo wakati naanika. Nimemuuliza, hasemi. Mwalimu, mimi sijamfundisha kuchukua vitu vya watu."

"Sikuichukua," Waziri akasema kwa sauti ndogo. "Niliificha isiamke."

"Isiamke kwa nini?" mama yake akauliza.

Waziri akamtazama kama mtu anayeulizwa jambo ambalo aliyeuliza analijua fika. "Wewe si ulisema."

Dobi akashika mdomo. Ikabidi aeleze, huku akimtazama mwalimu kwa aibu. Mvua za mwaka jana zilimtesa. Ana kamba nje tu, hana baraza, hana chumba cha ziada. Mara tatu mashuka yalilowa upya akiwa ametoka kupeleka nguo za mtu, mara tatu akafua tena, na wateja wawili wakamhama. Jioni moja alikaa juu ya furushi la nguo mbichi akalia mbele ya mtoto. "Nikasema, laiti mvua ingefichwa mahali isituone. Maneno ya uchovu tu, Mwalimu. Sikujua kuna mtu anayashika."

Hasira aliyokuwa nayo Mwalimu Gundi tangu Ijumaa ilikuwa ikitafuta pa kutua; ilimpita Mkuu, ikampita mtoto, ikatua kwake mwenyewe. Yeye ndiye aliyeitia mvua ndani ya kadi na kuiacha humo miaka yote kwa sababu makofi yalikuwa matamu. Akavuta kiti kidogo, akakaa uso kwa uso na Waziri.

"Mwanangu, kadi haileti mvua. Ile ya kupulizia niliitunga mimi."

Waziri akafikiri. "Ulitudanganya?"

"Ndiyo. Kidogo."

"Kwa hiyo hata nikiificha inakuja."

"Inakuja."

"Hata mama akiwa ameanika?"

"Hata akiwa ameanika."

Mtoto aliitazama kadi kwa muda uleule anaoutumia kutazama juu barazani. "Sasa tunafanyaje?" akauliza.

Jibu lilitoka kwenye mkeka, saa mbili baadaye. Waziri alisimama mbele ya wenzake na kuwapa taarifa yote bila kupunguza neno: kadi haileti mvua, Mwalimu aliwadanganya kidogo, mvua inakuja yenyewe, na ikija mashuka ya mama yanalowa wakati mama hayupo. Mwalimu Gundi alingoja vilio. Badala yake Kibogoyo akakuna goti na kusema, kwa namna mtu anavyosema jambo lililo wazi, "Basi tukaanue."

Watoto wakatazama dirishani, kwenye mashuka. Kisha wakatazama juu, kwenye kamba tano za michoro. Mwalimu naye akatazama juu, na akajiona mjinga kwa furaha.

Siku zile zilizofuata darasa lilifanya mazoezi ya kuanua. Mwalimu alipiga meza kwa vidole, polepole kisha haraka, na ukisikia meza wewe ni mtu wa kazi: wa mbele anachomoa mchoro kwenye kamba aliyoishusha mwalimu, anampa wa pili, wa pili anampa wa tatu, hadi mezani, na hakuna kuburuza chini. Dobi alikubali wamwanulie nguo akiwa hayupo, akicheka na kufuta macho kwa wakati mmoja. Mlinzi, ambaye bado alikuwa na kinyongo kuhusu gambuti zake, aliahidi kuacha wazi mlango mdogo wa uzio. Mkuu hakuambiwa. Mwalimu Gundi alikuwa amechoka kuombwa tarehe.

Mvua ilikuja Jumatano ya wiki iliyofuata, saa nne na nusu, wakati mbaya kuliko wote. Mkuu alikuwa amekaa nyuma ya darasa na fomu ya ukaguzi, akitazama watoto wakiandika herufi. Chumba kimetulia, penseli zinakwaruza. Tone moja likagonga bati. Kisha la pili.

Penseli ishirini na sita zikasimama. Hakuna aliyeinuka, walimtazama mwalimu wao, kisha Mkuu, kisha tena mwalimu. Kama Mwalimu Gundi angegeuka ubaoni na kuendelea, pengine fomu ingejazwa vizuri, pengine hata mti ungesamehewa. Alimwona Waziri amekaza macho dirishani, kwenye mashuka kumi na manne, na uani hapakuwa na mtu. Dobi alikuwa amekwenda kupeleka nguo.

"Tunaanua," akasema.

Walitoka kwa mstari, kwa mwendo waliofanyia mazoezi, Waziri mbele. Mkuu akainuka na fomu yake mkononi. "Mwalimu! Mwalimu, kipindi hakijaisha!" Hakuna aliyemsikia, kwa hiyo akawafuata, barazani, uwanjani, mlango mdogo wa uzio, akiinama kwa mara ya kwanza tangu afike shule ile.

Na uani kosa likajionyesha. Walifanya mazoezi kwa kamba iliyoshushwa. Kamba za dobi, mwanamke mrefu, zilikuwa juu. Waziri aliruka, hakufika. Kibogoyo aliruka, akaanguka. Mwalimu Gundi, ambaye amejaliwa mengi lakini si urefu, alisimama kwa ncha za vidole na kugusa pindo tu. Akajaribu kulivuta shuka, vibanio vikakataa. Matone yaliongezeka, makubwa, yakitia madoa ya kijivu kwenye mashuka meupe. Watoto wamepanga mstari hadi mlangoni, mikono mbele, hawana cha kupokea.

Waziri akageuka. Alimkuta Mkuu amesimama nyuma yake, mdomo wazi, tayari kukemea. Mtoto akamtazama kuanzia viatu vinavyong'aa hadi utosini, akipima.

"Mkuu," akasema, "wewe unafika."

Sijui kilichopita kichwani mwa mtu yule. Nijualo ni kwamba fomu ya ukaguzi ilikunjwa mara nne na kuingia mfukoni, na mkono mrefu ukapanda na kuchomoa kibanio cha kwanza. Kisha cha pili. Shuka likaanguka mikononi mwa Waziri, likaenda kwa Kibogoyo, likapita mkono kwa mkono, mikono midogo yenye rangi za penseli kwenye kucha, likatoweka mlangoni. "Jingine!" mtu akapiga kelele. Mkuu akakimbilia kamba ya pili. Viatu vyake vilizama kwenye tope na hakutazama chini. Alihesabu kwa sauti, kwani hisabati haimtoki mtu, na watoto wakahesabu naye mpaka kumi na manne.

Darasani mashuka yalitandazwa kwenye kamba tano, na chumba kikawa na vyumba vidogo vyeupe ndani yake. Nje mvua ilikuwa imefunguka kikamilifu, mtu hasikii sauti yake mwenyewe. Makopo yalikwishapangwa, hakuna aliyejua na nani, yakawa yanaimba kila moja kwa kiasi chake. Watoto wakasimama ukingoni mwa baraza na kutoa mikono, kila mmoja tone lake.

"Mkuu hajakamata lake," Kibogoyo akashitaki.

"Mimi nimelowa tayari," Mkuu akasema, maji yanamchuruzika puani.

"Hayo ni ya nguo. Hujakamata lako."

Mkuu akakunja mkono wa shati uliokwishalowa, jambo lisilo na maana yoyote, akanyoosha kiganja. Tone likatua. Akalitazama kwa muda mrefu kuliko alivyotarajia mwenyewe. Baadaye, maziwa yalipogawiwa, alipewa jani la kijani na kopo la gundi, akabandika kwenye tawi la juu ambalo hakuna mtu mwingine aliyelifikia. Kidole chake kikabaki na jani. Mwalimu Gundi akamletea maji ya uvuguvugu, akiuma midomo asicheke.

Kidole kilipoachia, Mkuu alikwenda kwenye ratiba iliyobandikwa kando ya mlango, akachomoa kalamu. Kwenye safu ya sherehe aliandika, kwa mwandiko wake ulionyooka: Siku ya Mvua. Kwenye safu ya tarehe alisita, akamtazama mwalimu, akaandika: Ikinyesha. Kisha, kwa sababu mtu habadiliki yote kwa siku moja, akapiga mstari chini yake kwa rula. Ya ukuta na alfabeti hayakutajwa tena, wala siku ile wala baadaye.

Wakati huo dobi alikuwa akija mbio barabarani, kanga imeganda mwilini. Aliingia uani, akaziona kamba tupu, akashika kichwa. Alisimama hivyo mpaka aliposikia kelele za watoto ng'ambo ya uzio, akainua macho, na kupitia dirisha kubwa akaona shuka lake. Na jingine. Akapita mlango mdogo akiwa anatembea polepole, kama mtu anayeogopa kuharibu kitu, akafika mlangoni mwa darasa akasimama.

Hakuna aliyemwona, kwa sababu Kibogoyo, ambaye ndiye aliyekuwa Bwana Hewa wiki hiyo, alikuwa amekumbuka kwamba kwenye msumari bado limetundikwa Jua tangu asubuhi. Aliona aibu kubwa. Akachukua mfuko wa kitambaa, akafikiri, akampelekea Waziri.

Waziri akaweka mikono nyuma, akatoka barazani, akampita mama yake bila kumwona. Akatazama juu kwa muda wake wote, matone yakimpiga usoni. Akarudi ndani.

"Habari za juu?" darasa likauliza, na Mkuu naye akauliza.

Waziri akachomoa kadi, bado ina alama ya kibanio pembeni, akaitundika kwenye msumari na kuinyoosha.

"Mvua," akasema. Kisha akamwona mama yake mlangoni, akidondoka maji, mkono mdomoni, na kwa mara ya kwanza tangu aanze shule akacheka wazi mbele ya watu.

"Mama, nguo zote ziko ndani."